Mtani Aliyenyamaza Msibani

Mtaani Makorora mtu akitangaza arusi, watu hawaulizi kwanza bibi arusi ni nani. Wanauliza nani atashika jiko. Wakiambiwa ni Bi Kijakazi Uweso, hata wale walionuna kwa kutopewa kadi huanza kutafuta njia ya kualikwa. Ni mama wa miaka sitini na nne, mfupi, na sauti yake inaweza kumwita mtu aliye barabara ya pili bila yeye kuinuka kwenye kigoda. Ana masufuria makubwa saba, na kila moja ameliandika jina lake kwa rangi nyekundu kitakoni. Watu wa Makorora, husema mwenyewe, wana dini sana, lakini mbele ya sufuria la mwenzao imani hupungua.

Alizaliwa Maramba, kwa baba Mdigo aliyelima mahindi na mihogo. Akaolewa mjini Tanga na fundi baiskeli aitwaye Rahimu, mtu mpole ambaye, mpaka anaingia kaburini, hakuwahi kushinda ubishi hata mmoja ndani ya nyumba yake. Walipata watoto watano. Wanne wametawanyika kutafuta maisha na wa tano, Shadya, amebaki hapahapa mjini, ni mwalimu wa sekondari, na kazi yake ya pili ni kumwambia mama yake punguza sauti.

Lakini si pilau lililomfikisha Bi Kijakazi kwenye filamu. Ni ulimi. Wadigo na Wabondei ni watani, na ukiuliza utani huo ulianzaje kila mzee atakupa hadithi yake na kuapa kuwa za wenzake ni uongo. Sisi tuchukue kwamba upo. Mbondei akifiwa, Mdigo aliye mtani wa kweli haendi msibani kukaa mkekani na kuinamisha kichwa. Huenda kuiga mwendo wa marehemu, kukohoa kama alivyokohoa, kumtangazia uchoyo wake mbele ya wakwe. Jeneza likitolewa, yeye hukaa mlangoni na kulizuia, aseme huyu hatoki mpaka ajibu maswali. Wafiwa hucheka na machozi yanawatiririka, na kuanzia hapo msiba unabebeka. Kazi hiyo Bi Kijakazi aliijua kuliko hata pilau. Wabondei wa Muheza walimtumia watu wamfuate kwa pikipiki, na marehemu aliyezikwa bila Bi Kijakazi kumsema alihesabiwa kuwa hakuwa mtu wa maana.

Mtani wake mkubwa alikuwa Praxeda. Huyu alikuwa mama wa Kibondei kutoka kijiji kimoja chini ya msitu wa Amani, muuza viungo soko la Mgandini: iliki, pilipili manga, mdalasini, karafuu, vyote kwenye vikapu alivyovipanga kwa ustadi hata ukaona aibu kuchagua. Siku ya kwanza Bi Kijakazi alipofika pale, miaka thelathini na moja iliyopita, aliuliza bei ya iliki. Praxeda akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe Mdigo?"

"Mdigo. Kwani iliki inauzwa kwa kabila?"

"Hapana. Nashangaa tu Mdigo kaamka saa hizi. Nyie si huwa mwalala mpaka nazi ianguke yenyewe?"

Wateja wengine wakasogea pembeni wakidhani panapigwa mtu. Bi Kijakazi akaweka kikapu chini, akashika kiuno, akasema kumbe ndiyo maana iliki ya sokoni ina vumbi, inauzwa na Mbondei, watu ambao maji wanayaona siku ya kubatizwa basi. Wakatukanana robo saa nzima. Mwishoni Praxeda alimpimia iliki, akaongeza konzi moja ya bure juu, na kutoka siku hiyo Bi Kijakazi hakununua kiungo kwa mtu mwingine.

Wakatukanana miaka thelathini na moja. Rahimu alipofariki, Praxeda alishuka kutoka Amani na gunia la magimbi, akaingia chumba cha eda bila hodi, akasema, "Haya, umemuua kwa makelele, sasa umefurahi?" na Bi Kijakazi, aliyekuwa hajala siku mbili, akacheka mpaka akaomba chakula. Mtoto wa Praxeda aitwaye Innocent alisoma shule ya msingi akiishi Makorora kwa Bi Kijakazi, kwa sababu shule ya kijijini kwao wakati ule ilikuwa imebomoka paa. Alikula wali wa nazi wa Bi Kijakazi miaka saba. Alimwita mama, akimwamkia shikamoo asubuhi na jioni. Kwa hiyo, ingawa kwa kabila na yeye alikuwa mtani, hakuwahi hata siku moja kumtania. Mama hataniwi.

Sasa ndipo akaja Samiha na kamera yake.

Samiha ni binti wa Kipemba, wazazi wake wa Wete, lakini yeye kazaliwa na kukulia Tanga. Alisomea filamu Dar es Salaam, akarudi na nia ya kupiga picha mambo ambayo, kwa maneno yake, watu wanayafanya kila siku hata hawajui kama ni mambo. Aliwaona wale mama wawili wakitukanana sokoni, akasimama na mzigo wake wa nyanya mpaka nyanya za chini zikapondeka. Wiki iliyofuata akaja kuomba ruhusa awafuate mwaka mzima.

"Utupige picha tukifanya nini?" Praxeda aliuliza.

"Mkiishi tu, bibi. Mkitaniana."

"Huyu hajui kuishi," Praxeda akasema, akimwonyesha Bi Kijakazi kwa kidevu. "Nipige mie peke yangu."

Miezi minane Samiha aliwafuata. Alikuwa na kinasa sauti kirefu kilichovishwa manyoya, na Praxeda kila akikiona alikipa mkono wa salamu na kukiuliza habari za watoto. Alipenda kamera mno yule mama. Akijua Samiha anakuja, alivaa gauni lake la kanisani kuuzia pilipili. Bi Kijakazi naye, aliyeanza kwa kujifunika uso, baada ya mwezi akawa hata haioni. Walipanda wote watatu hadi Amani, ambako Bi Kijakazi alivaa kanga tatu na sweta la mwanawe kwa sababu ya baridi, na Praxeda akawaita majirani waje kumwona Mdigo aliyefungwa kama robota la mitumba. Wakashuka wote hadi pwani, ambako Praxeda, aliyeiogopa bahari maisha yake yote, alisimama hatua ishirini kutoka majini akiishikilia sketi kwa mikono miwili kama vile maji yatamfuata. Pweza alimkataa pia. Alisema hawezi kula kitu chenye miguu mingi kuliko meza.

Mwezi wa pili, katikati ya joto, Praxeda aliamka na maumivu ya kifua, na kabla gari halijafika Muheza alikuwa ameshafariki.

Watoto wake walimruhusu Samiha apige picha mazishi. Innocent mwenyewe alisema mama angetaka, na kila mtu alijua ni kweli. Bi Kijakazi alipopata habari alikaa chini uani katikati ya masufuria, na kwa mara ya kwanza mtaa mzima haukumsikia. Baadaye akainuka, akaanza kufunga vitu vyake vya utani: kofia mbovu, bakora, kipande cha mizani ya zamani. Praxeda alikuwa na tabia, kila mteja anaijua, ya kuegesha kidole gumba kwenye sahani ya mizani, na Bi Kijakazi alikuwa anaenda kumshitaki kwa kidole hicho mbele ya padri.

Shadya akaingia, akaona kifurushi.

"Mama, hayo ya nini?"

"Naenda kumzika mtani wangu."

"Mama." Shadya akakaa chini karibu naye. Hakuwa na nia mbaya, na hili lazima lisemwe, maana baadaye watu walimlaumu. "Samiha anapiga ile filamu. Itakwenda kwenye matamasha, itafika nchi za watu. Wao hawajui utani. Wataona mwanamke wa Kiislamu, na mtandio wake kichwani, anaingia kwenye maziko ya Wakristo kumcheka maiti. Utawaeleza mmoja mmoja?"

Bi Kijakazi akataka kumjibu, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Alifikiria watu wa mbali, wasiomjua yeye wala Praxeda, wakimtazama kwenye kioo na kutikisa vichwa. Akafungua kifurushi. Akatoa kanga mpya, doti ambayo haijaoshwa, akavaa na buibui juu, akaenda kwa Praxeda kama mgeni.

Na alizika kwa adabu. Aliingia kwa hodi. Alikaa palipo na wageni wa heshima. Alitoa rambirambi yake kwenye sahani, akasema "poleni sana, kazi ya Mungu haina makosa," na watu wa pale walipoyasikia maneno hayo yakitoka kwenye kinywa kile walitazamana. Bibi mmoja alimsogelea akamuuliza kama anaumwa. Ilipofika saa ya kutoa jeneza, watu waliacha nafasi mlangoni bila ya kuambiwa. Ile nafasi ilikuwa yake. Bi Kijakazi aliiona. Aliona pia Samiha kasimama chini ya dirisha na kamera begani. Kwa miezi minane alikuwa amelizoea lile jicho jeusi, lakini siku zote walikuwa wawili. Sasa alibaki nalo peke yake. Akainamisha macho, akapangusa machozi kwa ncha ya kanga, polepole, kama wake wa wakubwa kwenye televisheni. Jeneza likapita.

Mimi nimesikia watu wakisema kosa dogo hilo. Si dogo. Praxeda aliyeishi kwa kutukana na kutukanwa alizikwa kimya kama afisa aliyehamia jana.

Tangu hapo mambo hayakuwa yale. Innocent alirithi meza ya viungo pale Mgandini, akaacha kazi yake ya kuendesha lori. Bi Kijakazi alipokwenda kununua, kijana alisimama.

"Shikamoo mama. Iliki robo?"

"Marahaba. Robo. Naona leo umeoga, nani kakuonyesha bomba?"

"Nashukuru mama. Na mdalasini?"

Akampimia sawasawa, kidole mbali na mizani, bila konzi ya juu. Akamfungia vizuri, akamwitia bajaji. Hakuna jambo alilokosa kumtendea, na Bi Kijakazi alirudi nyumbani ameumia kuliko kama angepigwa kofi. Alijaribu tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Alitania Wabondei, alitania magimbi yao, alitania hata paa la ile shule. Kila mara alijibiwa kwa heshima, si ile ya mtoto kwa mama, bali ile ya kupewa mgeni. Nyumba aliyoingia bila hodi kwa miaka thelathini na moja ilikuwa imegeuka duka, na yeye ni mteja. Alijua sababu. Hakuwa na njia ya kuirekebisha, maana maiti hazikwi mara mbili.

Mwezi wa nane Samiha alikuja Makorora na kompyuta mkobani. Filamu imekwisha, alisema, itaonyeshwa kwenye tamasha la tamaduni uwanja wa Tangamano, siku ya pili ya tamasha, saa kumi jioni.

"Na pale mlangoni pamo?" Bi Kijakazi aliuliza.

"Pamo."

"Patoe."

Samiha akaitoa kompyuta mkobani. "Nitapatoa ukiniambia tena baada ya kupaona, bibi. Tukae sasa hivi, ni dakika mbili tu."

"Nilikuwepo, mwanangu. Sina haja ya kuonyeshwa."

"Basi njoo tamashani. Watoto wa Bibi Praxeda watakuja wote."

Hapo ndipo Bi Kijakazi alipopoteza usingizi. Kuaibika mbele ya watu wa nchi za mbali, ile hofu ya Shadya, kulikuwa kumeshamtoka kabisa. Alichoogopa sasa ni Innocent kukaa gizani na kuona, kwa ukubwa wa ukuta, jinsi mama aliyemlisha alivyomwacha mama aliyemzaa apite. Alikaa akiwaza asiende. Akawaza aseme anaumwa. Mwishoni akaenda, kwa sababu asipokwenda angekuwa amemkimbia Praxeda mara ya pili.

Uwanja siku hiyo ulikuwa umejaa kila aina ya mtu. Wasambaa walikuwa na ngoma yao upande mmoja, Wazigua upande mwingine, kila kundi likijitahidi kuizamisha ngoma ya jirani. Wapemba walileta ngoma yao ya kirumbizi na fimbo zake, Wamakonde walivaa vinyago vilivyofanya watoto wapige kelele na kurudi tena kutazama. Kulikuwa na harufu ya mishikaki na ya mbata. Bi Kijakazi, ambaye siku nyingine angekuwa kashaingia kwenye ngoma ya Wadigo na kuwafundisha namna ya kutikisa bega, alipita katikati ya furaha yote ile akimshika Shadya mkono.

Hema la filamu lilizibwa pande zote kwa vitambaa vyeusi, na kwa kuwa jua la Tanga haliulizi kitambaa, ndani kulikuwa na joto la tanuri. Watu kama mia mbili walikaa wakijipepea. Innocent na dada zake wawili walikuwa mstari wa tatu. Aligeuka, akamwamkia Bi Kijakazi kwa kichwa, akatazama mbele.

Filamu ilipoanza watu walicheka tangu mwanzo. Praxeda alitokea mkubwa kuliko alivyokuwa, na gauni lake la kanisani, akimpa mkono kinasa sauti. Alitokea akishikilia sketi yake pwani. Watu wa makabila ambayo hata hayana habari na Wadigo walicheka mpaka viti vikalia. Bi Kijakazi alicheka pia, akasahau, akasema kwa sauti, "Mwone mwoga yule!" na Shadya safari hii hakumwambia apunguze.

Kisha mlango ukatokea.

Alijiona mwenyewe pembeni, kwenye kanga mpya, akipangusa macho. Hilo alilitegemea. Asilolitegemea ni mengine yote. Kamera ya Samiha haikuwa imemwelekea yeye. Ilikuwa imeelekea nafasi. Iliwaonyesha watu wakigawanyika mlangoni. Iliwaonyesha wabebaji wakitoka na jeneza, na wa mbele kabisa, bega chini ya mbao, alikuwa Innocent. Alifika kizingitini akasimama. Wenzake nyuma walimsukuma kidogo naye hakutembea. Alikuwa anamtazama Bi Kijakazi, na uso wake haukuwa na hasira hata chembe. Ulikuwa uso wa mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akingoja mlangoni Makorora afunguliwe. Alingoja. Mtu fulani akakohoa. Ndipo akainamisha kichwa akapita.

Siku ile Bi Kijakazi alikuwa ameinamisha macho. Hakujua kama alingojwa.

Taa zikawashwa. Watu wakapiga makofi, Samiha akapanda mbele na kipaza sauti, akasema nani ana swali. Akainuka mama mmoja wa Kinyakyusa, wa kundi la ngoma kutoka Mbeya, bado na njuga miguuni.

"Mimi filamu nimeipenda," akasema. "Lakini na sisi tuna watani. Naomba kuuliza, yule mama pale mlangoni, alikuwa anamwogopa nani?"

Samiha akamtafuta Bi Kijakazi kwa macho, akataka kujibu kwa niaba yake. Bi Kijakazi akawa ameshasimama.

"Nilimwogopa huyu," akasema, akimwonyesha Samiha. "Na kamera yake. Na ninyi nyote hapa, watu msionijua, msionipa hata chumvi. Niliona haya mbele yenu, nikamtupa mtani wangu. Mwenyezi Mungu anisamehe, na nyie sasa mtanisamehe, maana nina kazi."

Akavua buibui akampa Shadya. Kanga ya kichwani akaifunga kiunoni kwa fundo la ubavu wa kushoto, akakunja bega la kushoto, akaanza kutembea kati ya viti akiburuta nyonga, hatua moja ndefu na moja fupi, na waliokuwa wametoka tu kumwona Praxeda kwenye kitambaa cha filamu waliguta. Alikuwa yeye.

"Nani kanizika bila kuniuliza?" akasema kwa sauti ya Praxeda, ile ya puani. "Na lile jeneza mlilipima kwa mizani gani? Mbona silioni dole langu?" Akashika mizani ya hewani, akaegesha kidole gumba. "Malaika kaniambia, Praxeda, matendo yako mema yana uzito. Nikamwambia tazama vizuri, nimeegemea."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama wa Kinyakyusa alipiga njuga chini kwa furaha. Bi Kijakazi akaendelea, akamsema kwa kusinzia kanisani, kwa kumpa mbuzi wake jina la mkwewe, kwa kuishi miaka sitini na mitatu, mingi yake akiuza viungo kilomita chache kutoka baharini, bila kulowesha unyayo. "Sasa huko ulikokwenda kuna mto, watu wote wanasema. Utavukaje, mwoga wewe? Nani atakushika mkono? Umekwenda bila kuniaga, Praxeda, mbaya wewe, mchoyo wewe, hata kufa umekufa peke yako usinigawie." Na hapo sauti ya Praxeda ikamtoka, ikabaki yake, na akawa analia kwa makelele, kwa kamasi, bila ya ncha ya kanga, kama alivyopaswa kulia mwezi wa pili.

Dada zake Innocent walikuwa wakicheka na kulia pamoja. Innocent mwenyewe hakucheka. Akainuka kwenye mstari wa tatu, akaja mpaka mbele, mrefu. Shadya alishika mdomo.

Akamtazama Bi Kijakazi. Kisha akanyoosha mkono akaivuta ile kanga kiunoni mwake.

"Mama hakufunga hivi," akasema. "Alifunga kulia. Hata kuiga mtu umeshindwa. Mdigo mvivu wewe."

Akajitanda ile kanga kichwani, mwanaume mzima na ndevu zake. Akavuta kiti, akakaa kitako cha wageni wa heshima, magoti pamoja, midomo imebanwa. Akapangusa jicho kwa ncha ya kanga, polepole. "Poleni saana," akasema kwa sauti nyembamba ya kibibi, "kazi ya Mungu haina makosa." Akapangusa jicho la pili. Halafu akalifungua jicho kidogo, akachungulia kama kamera bado ipo.

Sijui nielezeje kelele za pale. Ngoma za nje zilinyamaza kusikiliza kuna nini. Bi Kijakazi alikaa chini palepale, kwenye vumbi, kwa kicheko, akipiga ardhi kwa kiganja, na Innocent akainama akamshika mikono yote miwili ili kumwinua, na kumwinua akamwinua, lakini hakumwamkia.

"Wewe ngoja," akamwambia, wakiwa wamekaribiana, kipaza sauti cha Samiha kikinasa yote. "Siku yako ikifika nakuja Makorora mwenyewe. Nitakusema mbele ya mashehe wenu wote mpaka wasahau dua. Masufuria yako nitayavaa kichwani."

Bi Kijakazi akajipangusa uso kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu kiangazi, furaha ya mtu aliyeambiwa kwamba siku yake ya mwisho hatakuwa miongoni mwa wageni.

"Basi uwe tayari, Mbondei," akamwambia. "Sisi hatuweki maiti siku tatu kama nyie mkimngoja mjomba. Ukifunga kamba za viatu tu, nishazikwa."